Marehemu hasomi komenti zenu, ila kuna mtu anasoma: barua ya wazi kwa vijana wangu wa mitandaoni

Wanangu na wajukuu zangu mnaoshinda kwenye simu, shikamoo hamjanipa lakini nawaitikia hivohivo, marahaba.

Mimi ni bibi yenu, nesi mstaafu, na sasa hivi nna muda mwingi na bando la kutosha. Mjukuu ndo alinifungulia akaunti, alisema bibi utaona picha za watoto, sasa picha za watoto ni chache mno, kinachobaki nawasoma nyinyi. Na wiki hii nimesoma mpaka miwani nikaivua.

Kijana wetu amefariki. Wengi wenu mnamjua, jina silitaji, mama yake yuko hai na ana simu kama mimi. Hakuwa staa mkubwa wa kuweka mabango barabarani, alikuwa yule wa vichekesho vifupi, sura mnaijua, jina la baba yake hamlijui. Amejiua. Na kabla familia haijatoa neno hata moja, nyinyi mlishamaliza kikao mkatoa na hukumu. Mmoja kaandika mwanaume mzima unajiua kisa demu, dhaifu huyo, na chini yake vicheko vimepangana. Mwingine kasema ni kiki, tulieni kesho ataibuka na kipindi kipya. Kuna anayejua kabisa kwamba katolewa kafara, subirini tu mtaona nani anapanda. Kuna aliyempeleka motoni moja kwa moja. Alafu wakaja wa upande wa pili, na hao ni wengi pia, malaika umepumzika, dunia hii haikukustahili, sasa una amani, na njiwa weupe na mishumaa. Na wale wa picha, yaani kapiga naye picha mara moja kwenye shughuli ya watu, leo kaitafuta, kaipost, nusu ya uso wa marehemu imekatwa, eti tulikuwa zaidi ya ndugu. Hao wa picha nawaacha, hao ni wa kila msiba.

Nna jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote yanatoka humo. Marehemu hazisomi hizo komenti. Mnaandika kama vile mnabishana nae, mnamsuta, mnamuaga, mnamuuliza kwa nini, na yeye hayupo. Anayezisoma ni mtu mwingine, yuko hai, yuko kwenye grupu lako, pengine kakulaiki jana, na amekuwa akifikiria jambo hilohilo muda mrefu bila kumwambia mtu. Huyo ndo unamwandikia, upende usipende.

Msidhani nawatishia. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka wanakufa kwa kujiua watu zaidi ya 720,000 duniani, na kwa watu wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Miaka 15 mpaka 29 ni nyinyi, ndo mliojaa humo. Na kwa kila mmoja anayekufa wapo wengi zaidi waliojaribu na wakapona, wanaenda kazini, wanapiga stori, wanacheka na nyinyi kwenye komenti. Kwahiyo ukiandika kitu kikasomwa na watu elfu, usijidanganye kwamba hao elfu wote ni wazima kama wewe.

Sasa huyo mtu akisoma anafanya nini? Anajipima. Anajiweka pale kwenye nafasi ya marehemu alafu anaangalia mtamsemaje yeye. Akikuta dhaifu, mbinafsi, mjinga, kisa demu, ameshapata jibu lake, na jibu lenyewe ni kwamba haya mambo hayasemwi. Anafunga mdomo. Wengi wenu mnaamini ukali unazuia, kwamba tukimtukana marehemu vizuri wengine wataogopa kufata. Mimi nimekaa wodini na watu walioletwa usiku baada ya kujaribu, sitasema walifanyaje na wala haiwahusu, lakini ntawaambia walichokuwa wanauliza wakishapata fahamu. Swali halikuwa nimeponaje. Lilikuwa, nani anajua? Jirani wanajua? Kazini wameambiwa? Mtu ametoka kwenye mlango wa kaburi na bado anaogopa maneno ya watu kuliko kaburi lenyewe. Huyo matusi hayamzuii kufa, yanamzuia kuongea. Na kuongea ndo kungemuokoa.

Na mjue hili, sababu watu wengi hawalijui kabisa. Mtu anayefikiria kujiua mara nyingi hajaamua moja kwa moja, ana pande mbili zinavutana ndani yake mpaka dakika ya mwisho, anataka maumivu yaishe, sio lazima anataka maisha yaishe. Waliowahi kujaribu wakaokolewa, wakifatiliwa miaka mingi baadae, walio wengi sana, kama tisa kwenye kila kumi, hawafi kwa njia hiyo. Wanaendelea kuishi. Wanazeeka wanakuwa wasumbufu kama mimi. Kwahiyo yule aliye kimya anayekusoma bado ana mlango wazi, suala ni wewe unausukuma upande gani.

Hili la "kisa kidogo" limenikera zaidi ya yote, ngoja nilikalie kidogo.

Uingereza kulikuwa na mchungaji mmoja, Chad Varah. Mwaka 1935, yeye ndo kwanza anaanza kazi, mazishi ya kwanza kuyaongoza yalikuwa ya binti mdogo aliyejiua sababu alianza kupata hedhi na hakuwa na mtu wa kumwambia ni kitu gani, akadhani amepata ugonjwa wa aibu. Hedhi jamani. Kitu ambacho mtu mzima yeyote angemueleza kwa dakika tano. Sasa chukueni hicho kisa mkiweke leo mitandaoni, naziona kabisa komenti zenu, kisa hedhi?? hahaha huyo nae. Na mtakuwa hamjaona kwamba tatizo halikuwa hedhi, tatizo lilikuwa hakukuwa na hata mtu mmoja wa kumuuliza. Varah hakulisahau, na mwaka 1953 akafungua pale London huduma ya simu ya watu wenye mawazo ya kujiua, wapige tu waongee, ndo wakaja kuitwa Samaritans na wapo mpaka leo. Kilichonifurahisha ni hiki, alikuwa na watu wa kujitolea, watu wa kawaida tu sio wataalamu, kazi yao ni kuwapa chai waliokuwa kwenye foleni ya kumuona yeye. Akaja kugundua wengi wakishaongea na yule wa chai hawana tena haja ya kumuona mchungaji. Sasa wewe unayesema mimi sio daktari ntamsaidia nini, hao walikuwa watu wa chai.

Kwahiyo ukiona kisa ni kidogo, jua hujakiona kisa. Umeona mwisho wake tu. Wanaosoma haya mambo miaka yote wanasema kujiua hakuna sababu moja, kuna ugonjwa ambao haujatibiwa, sonona kwa mfano, kuna pombe, kuna deni, kuna aibu, kuna mapenzi ndio, kuna maumivu ya mwili yasiyoisha, vinajikusanya vinamfunga mtu, alafu kitu kimoja cha mwisho kinatokea na nyinyi mnakiokota hicho cha mwisho mnasema ndo hiki. Mara demu. Mara madeni. Mara freemason.

Na hapo hapo niwageukie wenye hasira za haki. Nimewaona. Mmeshapata mkosaji, yule binti aliyeachana nae, mmeenda kwenye ukurasa wake mmemwandikia muuaji, damu yake iko mikononi mwako, na wewe jiue tuone. Soma tena hiyo ya mwisho, wewe uliyeandika. Umemlilia mtu aliyejiua alafu machozi hayajakauka unamtuma mwingine akafanye hivohivo, na bado unajiona mtetezi. Korea Kusini mwaka 2019 alifariki Sulli, mwimbaji na mwigizaji, miaka 25, alikuwa ametukanwa mitandaoni miaka na miaka, mpaka alikuwa mtangazaji kwenye kipindi cha tv ambacho mastaa wanasoma komenti mbaya walizoandikiwa. Kafariki Oktoba, na watu wakahamia kwenye kurasa za mwanamuziki aliyewahi kuwa mpenzi wake wakaanza kumporomoshea yeye. Wiki kama sita baadae, Novemba, akafariki rafiki wa Sulli, Goo Hara, nae mwimbaji, miaka 28. Kule hali ilifika pabaya mpaka mtandao wa Daum, mwishoni mwa Oktoba ileile, ukafunga kabisa sehemu ya komenti kwenye habari za burudani, na Naver, ambao ndo wakubwa zaidi, wakafata Machi 2020. Fikirieni taifa lenye intaneti ya kasi kuliko karibu wote duniani linaona bora watu wasiandike kabisa.

Sisemi komenti ndo ziliwaua. Nikisema hivo ntakuwa nafanya kosa hilohilo ninalowakataza, kuokota sababu moja. Nasema komenti zilikuwepo ndani ya huo mzigo na waliozibandika hawakuwa wameombwa.

Sasa nije kwa hawa mastaa wadogo, sababu huyu wetu alikuwa mdogo na hapa ndo naona hamjaelewa kitu. Staa mkubwa ana meneja, ana watu wa kusimamia akaunti, matusi yenu anayasoma kijana fulani ofisini anayelipwa mshahara kuyafuta. Staa mdogo anasoma mwenyewe. Yeye ndo anapost, yeye ndo anajibu, saa nane usiku yuko kitandani simu imemmulika uso anasoma kwamba amefulia, amenenepa, hachekeshi tena, arudi kijijini. Umaarufu anao, hela ya umaarufu hana. Akipanda gari la abiria watu wanamtambua na wanamcheka kwamba kumbe unapanda gari la abiria. Ana mashabiki wa kutosha kumuumiza na hana wa kutosha kumlinda. Na akifa hana msemaji wa familia wala mwanasheria, ana mama na dada zake, na dada ndo anashika ile simu, na mnachokiandika kinalia kwenye ile simu, ting, ting, ting, wakati watu wapo msibani.

Japani, Mei 2020, alifariki Hana Kimura, mcheza mieleka wa miaka 22. Alikuwa kwenye kipindi cha tv cha vijana wanaoishi nyumba moja wanarekodiwa. Dhambi yake unaijua? Kulikuwa na mwenzie aliyemuharibia vazi lake la mieleka kwenye kufua, akamkasirikia, kamera zikaonyesha, basi. Watu wakamwandama mtandaoni miezi. Alivyofariki, watu wakaanza kufuta walivyoandika, mbio mbio, lakini wanaume wawili walipatikana wakatozwa faini ya yeni 9,000 kila mmoja, hela ndogo mno kwa nchi ile. Mama yake, Kyoko, nae aliwahi kuwa mcheza mieleka, akasimama na hilo jambo mpaka sheria ikabadilishwa mwaka 2022, sasa kumtukana mtu hadharani Japani unaweza kufungwa mpaka mwaka mmoja au faini mpaka yeni 300,000. Mama kazika mtoto alafu akaanza kuzunguka na makaratasi. Mimi hilo la sheria sina uhakika nalo sana kama ndo dawa, sheria hizi zikiwa mikononi mwa wakubwa nao wanazitumia kujikinga wasisemwe, lakini nachotaka muone ni kwamba wale wawili walikuwa watu wa kawaida kama nyinyi, hawakuwa majambazi. Walikuwa wamekaa tu.

Na hili la kiki. Kijana wetu mwaka jana aliingia laivu akalia. Mnakumbuka. Mkasema anatafuta kiki, kuna mtu akaikata ile video akaitia muziki wa kuchekesha ikazunguka kila mahali. Leo haohao wanaandika, jamani mtu ukiwa na shida ongea usikae nayo moyoni. Aliongea! Alisema mbele ya watu wote. Ndio, kuna mastaa wanaolia kwa biashara, mimi sio mtoto najua. Lakini tuseme umemhurumia mtu aliyekuwa anaigiza, umepoteza nini? Dakika moja. Na ukimcheka aliyekuwa halii kwa kuigiza?

Sasa video. Kuna wanaouliza nani anayo, kuna wanaosambaza picha, kuna aliyeandika hatua kwa hatua ilikuwaje kana kwamba anatoa maelekezo. Hapa siombi, hapa naamuru kama nilivyokuwa naamuru wodini. Futa. Usitume kwa mtu, usitume hata kwa kusema "sio nzuri kuangalia". Na sio heshima tu kwa marehemu, kuna ushahidi wa miaka. Vienna, kule Austria, miaka ya themanini kulikuwa na sehemu moja ya mji, sitaitaja, watu wakawa wanajiua hapo na magazeti yakawa yanaandika kwa mbwembwe, picha, namna, kila kitu. Mwaka 1987 wataalamu wakakaa na waandishi wakawapa miongozo, punguzeni, msielezee namna, msiweke mbele. Magazeti yakakubali. Ndani ya miezi sita matukio ya kujiua na kujaribu pale mahali yakashuka kwa zaidi ya asilimia 80, na yakabaki chini miaka iliyofata. Hawakujenga ukuta. Walibadilisha namna ya kuongea tu. Na upande wa pili, Agosti 2014 alifariki mchekeshaji Robin Williams wa Marekani, vyombo vingi vikaeleza kila kitu mpaka vya ndani, na watafiti walivyohesabu baadae wakakuta miezi ile mpaka Desemba vifo vya kujiua Marekani viliongezeka karibu asilimia 10 kuliko ilivyotegemewa. Zamani aliyekuwa na uwezo wa kufanya hayo ni gazeti. Siku hizi gazeti ni wewe, na mhariri wako ni kidole gumba.

Nimewasema wakali, sasa wapole msijisahau, na nyinyi nna neno nanyi. Sasa una amani. Umeshinda. Mbinguni wamepata malaika. Najua mnamaanisha upendo. Ila msomeni kwa macho ya yule niliyewaambia, yule anayejipima. Yeye anatafuta amani miezi sasa, usiku halali, na leo anaona watu elfu wanasema fulani ameipata, na ameipata kwa njia hii. Alafu anaangalia akaunti ya marehemu, juzi video zake zilikuwa zinapata laiki za ndugu na majirani, leo mafolowa wameongezeka mara tano, wimbo alioutumia unatrendi, watu wasiomjua wanalia kwa hashitegi yenye jina lake. Mtu ambaye hajawahi kuambiwa unapendwa akiwa hai anajifunza nini hapo? Mtoto wa miaka kumi na sita anajifunza nini hapo? Mmemfundisha kwamba kuna namna moja ya kupata watu wakuone. Msiba mzuri kupita kiasi nao una hatari yake. Aliyekufa alikuwa mtu, alichekesha, alikosea, alikuwa anaumwa au ana maumivu ambayo yangeweza kusaidiwa, na kifo chake ni hasara, hakuna ushindi wala amani ya kupigia makofi. Semeni hivo. Alivyofariki mwanamuziki Kurt Cobain mwezi wa nne 1994, watu wa mji wake wa Seattle waliogopa vijana wengi watamfata. Haikutokea kama walivyoogopa. Ibada ya kumuaga ilikuwa na watu wa kituo cha msaada wakitaja wapi pa kupiga simu, mjane wake hakupamba, alionyesha hasira na maumivu wazi wazi, muziki wake ukasifiwa lakini kifo chake hakikusifiwa. Simu kwenye kituo cha msaada zikaongezeka, vifo havikuongezeka.

Wenye dini mnisikilize, na mimi ni mtu wa ibada. Kwamba kujiua ni dhambi hiyo ni imani yako na sikunyang'anyi, inawezekana hata imemshikilia mtu fulani asifanye. Lakini kumtangazia mama wa mtu mwanao yuko motoni, hiyo kazi hujapewa. Hujui alikuwa kwenye hali gani ya akili, hujui alisema nini na Mungu wake mwishoni. Ukitaka kuhubiri, mhubirie aliye hai kwamba ana thamani. Sijaona hata mmoja aliyefanya hivo.

Mtaniuliza, basi bibi tukae kimya? Hapana, kimya nacho ndo kimetufikisha hapa. Ukimjua marehemu, andika kitu ulichokiona mwenyewe, alikusaidia nini, alikuchekesha na nini, sio alivyokufa. Kama humjui, pole kwa familia inatosha na wala sio deni. Weka namba ya msaada ya nchi yako, kama ipo ihifadhi na kwenye simu yako leo, sio mpaka tarehe 10 Septemba, siku ya kuzuia kujiua duniani, mnaweka vitepe vya njano siku moja kesho yake mnaendelea na kiki. Ukikuta komenti ya kikatili usimjibu mwenye nayo kwa makala ndefu, unaipandisha tu juu watu wengi waione, ripoti uende zako. Na ukikuta komenti ambayo imejificha kidogo, "namuelewa", "bora yeye", "na mimi nimechoka", acha kila kitu. Hiyo sio komenti ya kuwekea moyo mwekundu. Mfate inboksi, au bora mpigie.

Na ukimpigia muulize wazi. Unafikiria kujiua? Hivohivo. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza utampa wazo, hapana, huo ni woga wetu tu, tafiti zimeonyesha kuuliza hakumpandikizii mtu, na mimi niliona mwenyewe, ukimuuliza waziwazi mabega yanashuka, sababu kuna mtu hatimaye amelisema lile neno na dunia haijaanguka. Akikwambia ndio usianze kumhesabia neema, mbona una watoto, mbona una kazi, mbona kuna wenye shida kuliko wewe. Hayo anayajua, na ndo yanazidi kumfanya ajione hana shukrani. Sikiliza. Muulize kama ana mpango, kama ana kitu karibu cha kujidhuru, na kama kipo kiondolewe pale. Usimuache peke yake usiku huo. Usikubali kiapo cha usimwambie mtu, siri hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, mtafute ndugu anayemwamini, mpelekeni hospitali, semeni wazi ni nini maana mkificha atapewa panado arudishwe. Na wiki ijayo umpigie tena. Wiki ijayo ndo watu wote mnapotea.

Vivo hivo kwa familia ya huyu kijana. Leo simu yao imejaa, baada ya mwezi haitalia kabisa, na wao ndo watakuwa wanaanza kuelewa. Ndugu wa mtu aliyejiua wanabaki na maswali ambayo wa msiba mwingine hawana, kila siku wanarudia nilisikia nini nikapuuza, na wao wenyewe wako kwenye hatari kuliko watu wengine. Msiende kuuliza ilikuwaje. Nendeni mkae nao, taja jina la mtoto wao, usiliruke ruke kama kitu cha aibu.

Ulieandika ile ya dhaifu, najua umeshaanza kujitetea kwamba ilikuwa utani. Sawa, ifute basi, hatutakutangaza.

Ni mimi bibi yenu.

NB: Kuna mmoja wenu baada ya kusikia nilikuwa nesi alinifata inboksi kuniuliza kama nna ile video, na kama kweli haikumuuma. Video sina, na ningekuwa nayo usingeipata. Lakini mwanangu, mtu anayetaka umbea hanaga hilo swali la pili, na uliliuliza saa tisa usiku. Nimekujibu hujanijibu, nimekupigia hujapokea. Ntapiga tena leo jioni na kesho, na ukiiona hii kabla sijapiga nipigie wewe, saa yoyote, wazee hatulalagi.